Kikoi Kwenye Kamba ya Chini

Mwezi wa Waso, siku tatu kabla ya mwezi mpevu

Daftari hili liliachwa na mwanafunzi mmoja wa binti yangu Yamin, kurasa nyeupe tele, na mimi sipendi kitu kipotee. Yamin kaniambia, "Mama, usiku hulali, unasikiliza mabati tu. Basi andika." Mimi shule niliishia darasa la sita, ila mwandiko wangu unasomeka. Mwanangu anao usomi wa kututosha wote wawili. Ana digrii ya hesabu. Nasema hivyo sokoni kila siku na leo naiandika hapa pia. Ana miaka ishirini na mitatu, nywele zinamfika kwenye goti, akijipaka liwa shavuni hata watawa wanaangalia chini.

Mvua imepiga tangu asubuhi. Vitenge vipya vimefika kutoka Amarapura, nikakosa kamba ya kufungia marobota, nikaenda uani nikaikata kamba ya juu. Ilikuwa kamba ya vikoi vya marehemu mume wangu. Vya mwanamume huanikwa juu, vya kwetu chini, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwanamume hawezi kupita chini yake akapoteza pon yake, ile baraka waliyozaliwa nayo wao na sisi hatuna. Nyumba hii sasa ni ya wanawake wawili. Kamba ya juu ilikuwa inaning'inia bure.

Jirani yangu Daw Ohn Yi, muuza bajia, kaniona nikiikata, kasema juu ya ua, "Umekata tamaa ya kupata mkwe, dada mdogo?" Nikamwambia dada mdogo ni yeye. Tunabishana hivi tangu tulipohamia mtaa huu, nani kamzidi mwenzake umri. Hakuna mwenye cheti. Nikamwambia pia kwamba mkwe wangu hajazaliwa bado. Kweli, mtoto wa mwenye kinu cha mpunga alileta mkufu wa dhahabu mwezi uliopita nikamrudisha nao. Mwalimu wa Magwe naye nikamrudisha. Mwanangu si wa kila mtu.

Kesho yake

Mvua. Nimeuza vitenge vinne.

Mwezi mpevu wa Waso

Tumepanda pagodani, mimi na Yamin, na Daw Ohn Yi na yule kijana aliyemlea, Naung, mtoto wa dada yake. Naung anachechemea. Lori lilimvunja mguu akiwa mdogo ukaunga vibaya. Ndiye anayekaanga bajia siku hizi, shangazi yake anauza kwa mdomo tu.

Nilikuwa nimenunua majani ya dhahabu ya kubandika kwenye pagoda kwa ajili ya marehemu. Jukwaa la juu sisi wanawake hatupandi, kwa hiyo lazima umpe mwanamume akubandikie. Nikampa Naung, maana hakukuwa na mwingine. Alipanda ngazi kwa ule mguu wake, polepole, huku mvua inamwagika, na sisi tukakaa chini tukimwangalia. Yamin akasema, "Mama, pesa zako, sala yako, mume wako. Na wewe unasubiri chini." Nikamwambia ndivyo ilivyo, na mkoba wa nyumba si tunaushika sisi? Duka si langu? Jina langu si nilibaki nalo hata nilipoolewa? Mwanamke wa hapa hana shida.

Leo Wa imeanza. Kwa miezi mitatu watawa hawatoki kulala nje ya monasteri zao, na sisi hatuhami nyumba, hatuoi wala hatuolewi mpaka mwezi mpevu wa Thadingyut. Nafurahia Wa kila mwaka. Mtaa unatulia.

Tukiwa tunashuka, mke wa fundi cherehani, mama yake Thuzar, msichana wa rika la Yamin, akaja kunishika mkono. Kasema ng'ambo ya mto wameanza kuandika wasichana. Siyo wavulana tu sasa. Wasichana wa jeshi, wa miaka kumi na minane mpaka ishirini na saba. Nikamwambia ni uvumi. Akasema binti wa shemeji yake kachukuliwa Jumanne.

Walioolewa wanaachwa, alisema. Akaniangalia, nami nikamwangalia, na wote wawili tukageuka kuutazama mwezi uliokuwa haujatoka.

Wagaung, mwanzo

Sikulala.

Wagaung, mvua ya siku nzima

Nimekwenda kwa mama wa yule wa kinu cha mpunga. Nilivaa kitenge changu cha hariri nikachukua keki. Kanikaribisha, kanimiminia chai, kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema kwa upole sana kwamba kwanza ni Wa, na yeye si mtu wa kuvunja mila. Pili, mwanawe kavuka mpaka wa Thailand wiki mbili zilizopita kwa sababu na wavulana wanawindwa. Tatu, akatabasamu, tatu niliuambia soko lote kwamba mkufu wake ulikuwa mwembamba.

Ni kweli niliuambia.

Yule mwalimu wa Magwe hata simu yake haiiti.

Wagaung, Jumamosi

Nimemwambia Yamin anyoe nywele aingie utawani. Watawa wa kike hawachukuliwi. Nilijikaza nikasema bila kulia, na nywele zile nimezisuka mimi kwa mikono yangu tangu zilipokuwa hazifiki shingoni.

Akasema, "Mama, mimi sina wito huo. Nikinyoa nitakuwa namdanganya Buddha. Kama ni kudanganya, afadhali nimdanganye mwenyekiti wa mtaa."

Nikamwambia asiseme kwa sauti. Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta shati langu chini ya meza kama alipokuwa mdogo.

Wagaung, Jumatatu

Buti zimepita njiani saa ya mchana. Hazikusimama. Bakuli la mchele limeniponyoka.

Wagaung, Jumanne

Zimepita tena.

Wagaung, baada ya mwezi mpevu

Yamin amelifikiria jambo hili kama anavyofikiria hesabu zake. Kaniketisha chini. Kasema, "Kwetu ndoa ni nini? Siyo karamu. Siyo mtawa. Hata cheti watu wengi hawana. Wewe na baba mlikuwa na cheti?" Nikasema hatukuwa nacho, alikuja akala kwetu, akaanika kikoi chake uani kwa baba yangu, na asubuhi mtaa mzima ulijua. "Basi," akasema. "Mwanamume mmoja, kikoi kimoja, na majirani walioona. Tutasema tulianza kabla ya Wa."

Nikamwuliza mwanamume gani, waliobaki wote wanajificha. Akaangalia upande wa uani, kule kunakotoka harufu ya mafuta.

Mguu wa Naung. Jeshi lilimpima mwaka huu likamwacha.

Nilifikiria digrii yake ya hesabu, na picha yake ya mahafali iliyopo ukutani, ile aliyovaa blauzi aliyoshonewa na Thuzar. Nikafikiria na kijana mkaanga bajia. Buti zikapita tena na nikasema, "Nenda kamwombe kikoi."

Sikwenda mwenyewe. Nilibanwa na haya. Alikwenda yeye na nilimsikia juu ya ua akisema, kwa sauti ya kawaida kama anayeomba chumvi, "Kaka Naung, niazime kikoi chako kimoja. Na uje ule kwetu jioni, barazani, watu wakuone." Halafu sauti ya Naung: "Cha kijani au cha bluu?" Halafu Daw Ohn Yi alianza kusema jambo akanyamaza. Daw Ohn Yi kunyamaza, mimi sijawahi kusikia.

Tawthalin, mwanzo

Amekula kwetu siku tatu. Wali, supu ya boga, samaki. Wanakula kutoka bakuli moja mbele ya njia. Hana maneno mengi. Kikoi cha kijani kiko uani, na kikikauka nakilowesha tena ili kionekane kipya kila siku. Kinanuka mafuta hata baada ya sabuni.

Kila mguu unaopita njiani, moyoni nimeshaufikisha mlangoni kwetu.

Tawthalin, Alhamisi

Nitaandika kama ilivyotokea.

Walikuja saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imesimama kidogo. Yamin alikuwa anafundisha watoto sita barazani, kugawanya kwa tarakimu mbili. Niliona kwanza watoto wameacha kusoma, nikageuka. Mwenyekiti wa mtaa, U Htay Lwin, na nyuma yake askari wawili, mmoja mtoto mtoto, mwingine mkubwa kidogo mwenye meno mekundu ya tambuu.

Mwenyekiti kasema binti yangu yuko kwenye umri. Nikasema ameolewa.

"Ameolewa lini? Sasa hivi ni Wa."

"Kabla ya Wa."

"Ajabu," akasema. "Binti yako akikohoa tu wewe unautangazia soko zima. Akiolewa unanyamaza?"

Miaka yote nimejisifu mdomo huu na leo haukuwa na neno hata moja. Yamin alisimama akasema mumewe ni Naung wa hapo jirani, kila mtu anajua, wamwone anavyokula hapa. Mwenyekiti akanyanyua mabega. Yule askari wa meno mekundu alikuwa ameshapita pembeni ya nyumba kwenda uani. Nikamfuata.

Alisimama mbele ya kamba. Aliitazama kwa muda, halafu akatema tambuu pembeni.

"Kikoi hiki cha nani, mama?"

"Cha mkwe wangu."

"Kimeanikwa kamba moja na vitenge vya wanawake. Tena kiko chini yake." Alikuwa hata hakasiriki, alikuwa anafundisha. "Kwetu kijijini mama yangu angekubali kukatwa mkono kuliko kufanya hivi. Nyumba yenye mwanamume ina kamba ya juu. Hapa hapana kamba ya juu. Hiki kikoi kimeazimwa."

Niliangalia. Kweli. Kitenge changu cha zambarau kilikuwa juu, upindo wake unadondoshea maji kwenye kikoi cha kijani. Mimi. Mimi niliyempiga Yamin kofi akiwa na miaka tisa kwa kupitisha kitenge karibu na mto wa kulalia wa baba yake. Niliogopa sana hata nikasahau jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Kamba ya juu ilikuwa sokoni, imefunga marobota.

Askari akamwita mwenzake. Yamin alikuwa amefika uani, uso mweupe kama liwa.

Ndipo mlango wa ua ukafunguliwa kwa teke. Daw Ohn Yi, na kijiko cha kukaangia mkononi, mafuta yanadondoka. Hakuniangalia. Hakuwaangalia askari. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanangu.

"Nimekwambia mara ngapi wewe mtoto?" Sauti ile inasikika mpaka mtoni. "Mara ngapi? Kikoi cha mumeo chini ya kitenge chako! Halafu unashangaa mguu wake hauponi. Unashangaa bajia zinaungua. Digrii, digrii. Hiyo digrii inajua kuanika nguo?"

Yamin aliinamisha kichwa.

"Na wewe mama yake," sasa kanigeukia mimi, kijiko puani kwangu, "umemdekeza. Nilikwambia siku ile ulipokata kamba ya juu, nikakwambia, unakata bahati ya kijana wangu. Umefungia marobota. Marobota! Yule nimemlea tangu dada yangu afe, pon yake nimeitunza kama yai, mnaniharibia kwa msimu mmoja." Na akalia. Machozi ya kweli, yanamtiririka. Majirani walikuwa wamejaa uani kwangu. Mmoja akasema, "Tumemwambia huyu msichana, hasikii." Mwingine, sikuona nani, akasema, "Hata mama mkwe wangu aliona wiki iliyopita akaziba macho."

Naung akaingia akichechemea, na aproni yake. Yamin akapiga magoti kwenye matope, mbele ya Daw Ohn Yi, viganja pamoja. "Nisamehe, Shangazi. Wanafunzi walikuwa wananingoja. Nilifanya haraka."

Askari wa meno mekundu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akampiga Naung begani. "Ndugu, pole sana. Umeoa msomi." Akasogea mbali na kamba, hatua kubwa, kama mtu anayeepuka kidimbwi, asije naye akapita chini ya vitenge vyetu.

Mwenyekiti hakucheka. Alimwangalia Daw Ohn Yi, akaniangalia mimi. Alijua. Niliona machoni kwamba anajua, na nilingoja. Akasema, "Basi tuendelee."

Wakaendelea. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya fundi cherehani.

Kule uani hapakuwa na kikoi ila cha baba. Hapakuwa na mtu wa kupiga kelele. Tulisikia mama yake Thuzar akiongea, akiongea, halafu akaacha. Thuzar alipita mbele ya nyumba yetu kati ya askari wawili, kashika mfuko wa plastiki wenye sabuni na kitenge kimoja, kile cha maua alichonunua kwangu. Aliangalia barazani kwetu. Watoto sita walikuwa bado wameshika penseli.

Daw Ohn Yi alikaa kwenye ngazi yangu, akaweka kijiko mapajani. Mafuta yaliharibu kitenge chake.

Tawthalin, Ijumaa

Nimekwenda kwa mama yake Thuzar na wali. Hakula.

Tawthalin, Jumapili

Nimenunua kamba mpya. Nilitaka kuifunga juu, nihamishe kile kikoi mahali pake, maana moyo hauna raha. Kijana kanisaidia na mimi namharibia baraka yake mchana kutwa. Yamin kanishika mkono.

"Usiihamishe, Mama. Shangazi kasema mbele ya mtaa mzima kwamba mimi ndivyo ninavyoanika. Askari yule amekiona kikiwa chini. Wakirudi wakikikuta juu watajua tumejirekebisha kwa sababu yao, na kwamba ndoa ni ya kuigiza. Sasa mimi ndivyo ninavyoanika."

Naung alikuwepo. Nikamwambia, "Baba, hili ni jambo zito, ni pon yako." Akajikuna shingo. Akasema, "Mama, lori lilinipitia nikiwa na vikoi vyangu vyote kamba ya juu."

Yamin alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Waso.

Tawthalin, mvua

Buti njiani. Nilisimama uani karibu na kamba mpaka zikapita.

Tawthalin, mvua

Tena.

Tawthalin, mwisho wa mwezi

Wanasema mtaa wa pili wamechukua wawili. Wanasema baada ya Wa watakagua upya, nyumba kwa nyumba. Yamin atafikisha ishirini na saba baada ya miaka minne. Nimeanza kuogopa kwa miaka, zamani nilikuwa naogopa kwa siku.

Sokoni muuza vitunguu kaniuliza, kwa kejeli, kama kweli msomi wangu kaolewa na mkaanga bajia. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia bajia zake hazina mfano kuanzia hapa mpaka Mandalay, na kwamba alimbandikia marehemu mume wangu dhahabu kwa mguu mbovu kwenye mvua. Nikaongeza kwa sauti, mpaka safu ya samaki wasikie, kwamba binti yangu hajui kuanika nguo hata kidogo, ni aibu yangu. Nimelisema kila siku wiki hii. Kila mtu anacheka. Wacheke, wakumbuke.

Thadingyut, mwezi mpevu

Wa imekwisha. Mishumaa kila dirisha, kila ukuta, hata kwenye ukingo wa kisima. Kwa fundi cherehani umewashwa mmoja tu, nje, upande wa njia. Tumewasha mingine pembeni yake, mtaa mzima, mpaka ukuta wao ukawa mweupe. Mama yake alikaa katikati ya mishumaa ile kama mtu anayesubiri basi. Hajapata habari yoyote.

Leo ni siku ambayo wadogo wanawapigia wakubwa magoti kuomba radhi. Yamin kanipigia, kampigia Daw Ohn Yi. Naung kanipigia mimi, kwa shida, mguu ule haukunjiki. Kisha tukabaki mimi na Daw Ohn Yi tumekaa kwenye mkeka wake, na tunda la komamanga katikati.

Kila mwaka kwa miaka kumi na tisa tunakaa hivi tukibishana nani ampigie mwenzake magoti.

Nilishuka kwenye mkeka nikapiga magoti, paji la uso mpaka chini. Nikamwita dada mkubwa.

Halafu nilihisi mkono wake kichwani, unanuka dengu. "Mimi nimezaliwa mwaka wa mafuriko makubwa," kasema. "Wewe umenitangulia kwa miezi miwili. Nilijua siku zote." Na akaniombea maisha marefu.

Thadingyut, siku iliyofuata

Naung ana vikoi viwili tu na kimoja kiko kwetu tangu Wagaung. Nimemnunulia kipya, kilichofumwa Gangaw, cha mistari ya kahawia, kizito. Duka langu ni la vitenge vya wanawake, ilinibidi nimwendee mshindani wangu. Alinipa bei mbaya nikalipa.

Nimekifua mwenyewe. Mvua imekwisha, jua kali, na njiani kulikuwa na lori la kijani la jeshi limesimama karibu na kisima, injini inanguruma. Nikakipeleka uani. Kamba ni ile ile moja. Nikakianika chini ya kitenge changu cha zambarau, mbele, upande unaoonekana kutoka njiani. Ngozi ilinisisimka mpaka kisogoni.

Nikakibana kwa vibanio viwili ili upepo usikichukue.